Nimeacha kulinganisha lampe kwenye ampli ya Mzee, na sababu ni hii

Wakuu, habari za mchana.

Huu uzi nimeukwepa muda mrefu, maana najua utawaangusha wale walionifuata PM kuuliza EL84 zipi ni bora. Jibu mlilotarajia sina. Nilichonacho ni yaliyonikuta, na nitayasema yalivyo. Chumvi sitatia, kwa sababu dada yangu Zaituna yumo humu jukwaani, anasoma bila kuchangia, na nikidanganya mstari mmoja tu nitaulizwa wakati wa kula.

Nimechoka, wakuu. Niliseme hilo mapema ili msije mkashangaa namna ninavyoandika.

Kwa wasionijua, niko Gisenyi, mtaa wa Mbugangari. Kazi yangu ni declarant hapo mpakani, yaani nashughulikia makaratasi ya mizigo ya watu. Nimezaliwa Kigoma, tukarudi Rwanda nikiwa bado mdogo. Kiswahili changu mtaani hapa wanakicheka, wanasema naongea kama mtangazaji wa redio.

Sasa ampli.

Ampli ni ya Mzee wangu. Alikuwa fundi cherehani, siku hizi amepumzika, tundu la sindano halioni tena. Ampli aliipata huko Kigoma kwa kubadilishana na cherehani yake ya pili, na mama hakusema naye mpaka Idi ilipofika. Ni mono, ina spika moja kubwa ndani ya kabati la mbao. Ndani yake kuna lampe mbili za EL84 ambazo ndizo zinasukuma spika, na nyingine za kazi ndogondogo ambazo kwenye uzi huu hazina kesi.

Kama hujawahi kuziona, lampe ndiyo valvu, zile chupa za kioo zinazowaka wekundu kwenye redio za zamani. Huku kwetu kila mtu anasema lampe, kwa hiyo na mimi nitaandika lampe.

Tuliporudi, ampli ilipanda juu ya lori pamoja na magodoro. Zile lampe mbili mama alizichomoa, akaifunga kila moja kwenye kipande cha kanga, akazipakata njia nzima. Mimi nilikaa chini miguuni pake, maana mapajani palikuwa na wenyewe.

Mama alitutoka miaka kadhaa iliyopita. Mzee hakuwa muongeaji hata kabla, lakini baada ya hapo alikata maneno kabisa. Ni salamu, chakula, swala, basi. Wakati pekee anaofunguka ni baada ya Alasiri, ampli ikiwaka. Anavua kandambili, anakaa kwenye kiti chake cha kamba, namwekea rumba za zamani kutoka kwenye simu, na gitaa likiingia anaanza. Hapa tulikuwa Ujiji. Hapa fulani alivaa suti niliyomshonea mimi, ikamkaba kwapani, akacheza usiku kucha mkono mmoja juu.

Habari zote ninazozijua za mama yangu akiwa msichana nimezipata hapo kwenye kile kiti. Kwa hiyo nikisema sauti ya ampli ilianza kuharibika, mjue kwangu mimi ni nini kilikuwa kinaharibika. Nilikuwa naogopa Mzee atanyamaza moja kwa moja.

Ilianza mwaka jana. Sauti ikawa nzito. Mwimbaji akipanda juu anakabwa, besi inalegea, gitaa linasikika kana kwamba liko chumba cha pili. Mwaka huohuo Kazungu, fundi wa kuchomelea mageti, alihamia nyuma ya uzio wetu, na mwanzoni nilidhani ni masikio yangu tu yamechoshwa na grinda yake. Kazungu hana Jumapili. Mageti yake yana haraka siku zote.

Usiku nao hatuwashi ampli, kwa sababu Mzee akishaswali Isha analala, na chumba chake kimepakana na sebule.

Siku moja Mzee akaitazama ampli akacheka kidogo, akasema, "Imechoka kama mimi."

Ulikuwa utani. Mimi nikauchukua kama agizo.

Nikaja humu jukwaani kuuliza. Mlinijibu vizuri na simlaumu mtu. Mkasema lampe za umri ule lazima ziwe zimeishiwa nguvu, badilisha. Nikaagiza pea mpya kutoka China. Zikafika kwenye boksi zuri lenye sponji, hata Zaituna akaliomba boksi aweke hereni zake.

Sasa nieleze nilivyokuwa nalinganisha, maana yote yaliyofuata yanatokana na hapo.

Nilitafuta wimbo mmoja uliorekodiwa vizuri, rumba ndefu ya zamani, ambao sikuwahi kumpigia Mzee. Ndani ya wimbo nikachagua kipande. Gitaa mbili zinakutana, mwimbaji anapanda, basi. Ni kama nusu dakika. Napiga kile kipande, nakata. Nazima ampli, nasubiri lampe zipoe, nazichomoa kwa kitambaa, naweka pea nyingine, nawasha, nasubiri zipate moto, napiga kipande kilekile, nakata. Kisha narudia. Watu wa audio mnaelewa, ukisikiliza wimbo mzima unafika mwisho umeshasahau ulichosikia mwanzoni.

Jaji nilimweka Mzee.

Siku ya kwanza nilipoupiga, alinyoosha kidole kuelekea kwenye spika, akaanza, "Huu wimbo, mama yako..."

Nikamwambia subiri Mzee, tusikilize kwanza tofauti. Nikakata, nikaenda kuchomoa lampe. Niliporudi kumuuliza, ya kwanza au ya pili, akasema, "Zote nzuri, baba."

Wakuu, hilo jibu lilinikera kweli. Nabadilisha, nauliza, zote nzuri. Nabadilisha tena, zote nzuri, baba. Nikaona Mzee ananionea huruma hataki kuniambia ukweli. Kwa hiyo nikawa nahukumu mwenyewe. Za China nilizisikia kali huku juu, herufi s inachoma sikio, lakini chini zimekaza. Za Mzee zilikuwa laini ila zimelala. Hakuna pea iliyonipa ile sauti niliyoikumbuka, na nilikuwa naikumbuka vizuri mno.

Baada ya wiki kadhaa za mambo hayo, kiti cha kamba kikahamia uani.

Zaituna anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani hapa. Anawaanika uani juu ya neti, na paka wa Mbugangari hawana adabu. Mzee akasema atakaa awalinde. Akishaswali Alasiri anachukua fimbo na tasbihi anaenda kukaa na sambaza, na ndani sebuleni nabaki mimi na ampli. Nikajua tu sauti imemkinaisha. Basi nikaongeza bidii.

Halafu nikaumia mguu. Mawe yetu huku ni ya volkano, meusi na makali, nami nilishuka pikipiki vibaya mbele ya geti letu, kifundo kikavunjika. Nikafungwa plasta na kupewa ruhusa ndefu ya kukaa nyumbani. Sasa mtu mwenye plasta, aliyekaa nyumba moja na ampli ya lampe, mnadhani atafanya nini? Nilikuwa nalinganisha asubuhi, mchana na jioni, na Mzee akawa anashinda uani. Zaituna alipitia mlangoni na karai lake, akasimama akasikiliza, akaniuliza, "Kaka, ule mwimbaji alikukosea nini? Kila siku unamukata pale pale."

Nikamwambia mambo haya hayajui. Akaenda zake.

Binamu yangu aliyeko Ubelgiji akanitafutia pea nyingine, za Kirusi za zamani, zilikaa stoo miaka yote bila kutumika. Zilifika kwa basi kutoka Kigali siku ya Ijumaa. Kesho yake ilikuwa umuganda.

Ndugu wa nje ya Rwanda, umuganda ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Asubuhi nchi nzima inatoka kwenye kazi za pamoja, kufagia, kuzibua mitaro, kupanda miti. Maduka yanafungwa, pikipiki hazionekani barabarani, karakana zote kimya mpaka watu wamalize na mkutano wao. Mzee umri wake umeshamsamehe. Mimi mkuu wa mudugudu, yaani wa mtaa wetu, alitazama plasta akasema baki nyumbani. Zaituna akabeba jembe akaenda, akinilaani kwa utani.

Nikaweka zile za Kirusi.

Wakuu, sijui nisemeje. Gitaa la kwanza lilikuja likakaa upande wake, la pili upande wake, na kati yao pana nafasi. Kwenye mono! Mwimbaji alipopanda hakukabwa, alipanda kama mtu anayepanda ngazi za kwake. Nilimsikia akivuta pumzi. Nywele zilinisimama mikononi.

Nikainua macho, nikamwona Mzee mlangoni. Tasbihi mkononi, amesimama, kichwa amekiinamisha upande kidogo. Hakuwa ameingia sebuleni wakati wa muziki tangu kiti kihame. Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Na mimi nikafanya nini? Kipande kilipofika mwisho nikakata.

Nikamwambia ngoja Mzee, niweke zako za zamani usikie tofauti. Nikazima, nikasubiri zipoe, nikachomoa, nikachomeka, nikasubiri zipate moto. Wakati huo watu walishaanza kurudi, nasikia majembe yakiburutwa njiani na Kazungu akifungua mlango wake wa bati. Nikapiga kipande. Sauti nzito, imelala, mwimbaji amekabwa vilevile.

Nikageuka nimwambie Mzee, umesikia? Hakuwepo. Alisharudi kwenye sambaza.

Kwangu kesi ikawa imefungwa. Za Kirusi zimeshinda, za Mzee zimekufa.

Kesho yake, kwa magongo, nikachukua zile lampe za Mzee nikampelekea Papa Déo. Huyu ni fundi wa redio karibu na soko, Mkongomani, mtu mzima, tunafahamiana miaka. Nilifikiri ataona cha kuzifanyia kwenye marekebisho yake. Akaziinua kwenye mwanga akanitazama juu ya miwani.

"Mon petit, Mzee anajua?"

Nikajibu kwamba Mzee hana kazi nazo tena. Hakuuliza mara ya pili, akaziweka kwenye droo.

Jumatatu nikawasha ampli na lampe zangu za Kirusi. Nzito. Mwimbaji amekabwa.

Nikarudi humu jukwaani na mkaniambia habari za burn-in, kwamba lampe iliyolala stoo muda mrefu inataka kuwaka masaa mengi ndiyo ikolee. Nikaiacha ampli iwake kutwa nzima bila wimbo. Nikasafisha soketi kwa spiriti. Nikabadilisha kapasita mbili ambazo hazikuwa na ugonjwa wowote. Nikabadilisha waya wa spika. Nilifika mahali sisikii tena wimbo. Nasikia herufi s, nasikia besi, nasikia mkwaruzo, lakini mwimbaji alikuwa anaimba nini ungeniuliza nisingekwambia. Nilikuwa nalala nimechoka kuliko siku za foleni kubwa mpakani, na sikuwa nimetoka nje ya geti.

Na kule uani Mzee yuko na fimbo yake. Salamu, chakula, swala.

Mwezi ukaisha, umuganda mwingine ukafika. Plasta bado ninayo. Zaituna akatoka na jembe. Nikawasha ampli bila tumaini, na ile sauti ikarudi yote! Gitaa mbili, nafasi katikati, pumzi ya mwimbaji. Nikasema zimekolea. Baadhi yenu mnakumbuka niliandika humu asubuhi ile, uzi wa majigambo, mkanipa likes. Nasikitika kuwaambia kwamba uzi ule ulikuwa uongo, ingawa mwandishi hakujua.

Safari hii sikukata upesi kwa sababu mikono ilikuwa inaandika kwenye jukwaa. Kile kipande kikawa kinajirudia chenyewe, nilishakiweka kijirudie. Sauti safi, safi, safi. Halafu, sijagusa kitu, mwimbaji akakabwa.

Nikatazama lampe. Wekundu wake ulififia, ukarudi, ukafifia. Nikatazama taa ya sebuleni, nayo hivyohivyo. Nikageuka dirishani. Juu ya uzio nikaona mwanga wa bluu, cheche za kuchomelea. Kazungu amerudi kutoka umuganda, ameanza kazi.

Nikachukua mita nikapima umeme kwenye soketi ya ukutani. Kazungu akichomelea, unaanguka vibaya, namba za mita zinashuka kama tochi inayoishiwa betri. Akipumzika, unapanda kidogo. Asubuhi ile kabla hajarudi sikupima, lakini sina haja ya kuambiwa.

Nilikaa sakafuni, mguu wa plasta umenyooka mbele yangu.

Mnaelewa nilichokuwa nimefanya? Za Kirusi nilizisikiliza asubuhi ya umuganda, mtaa mzima umefungwa, umeme wote ni wangu, hakuna pikipiki hata moja. Za Mzee nikazisikiliza baada ya umuganda, Kazungu kazini. Nililinganisha umuganda na siku ya kazi, nikatoa hukumu juu ya lampe. Na zile lampe ambazo mama alizipakata kutoka Kigoma nikazitoa nyumbani bila kumwambia mwenyewe.

Kazungu hana kosa, niseme hilo. Ana watoto na anachapa kazi. Mwaka mzima nilimlaumu kwa kelele, kumbe kelele zake hazikuwa shida.

Jumatatu nikaenda sokoni kwa magongo. Papa Déo aliponiona tu akavua miwani. Nilijua kabla hajasema.

"Bon. Moja iliniponyoka mu mukono, ikapasuka. Ingine iko."

Akaitoa kwenye droo, imefungwa kwenye gazeti. Akasema pole. Alitaka kunitafutia nyingine, nikamwambia aache, hakuna atakayopata ikawa ile. Nikarudi nyumbani nayo mfukoni, nimeishika kwa mkono njia nzima, nikiwaza namna ya kusema.

Mzee alikuwa uani. Nikaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa karibu yake, nikamwambia yote. Umuganda, Kazungu, Papa Déo, ile iliyopasuka. Sikujitetea, nilikuwa nimechoka hata kwa hilo. Nikampa ile iliyobaki.

Akaifungua kwenye gazeti, akaipuliza vumbi, akaigeuza akatazama miguu yake. Paka akasogea kwenye neti, Mzee hakumtazama.

"Kioo kinapasuka," akasema. "Mama yako alishangaa kwamba zilifika."

Nikasema nisamehe Mzee.

"Mimi na lampe sina ugomvi. Lakini tangu uanze hayo mambo yako, sijasikia wimbo ukaisha."

Nikamwambia mbona wewe mwenyewe ulisema imechoka. Akasema ndiyo, alisema imechoka, hakusema niikate. Na mtu akichoka, akasema, unamwacha aongee polepole, humfungi mdomo kila akianza.

Nikasimama, nikachukua kiti cha kamba kwa mkono mmoja na gongo kwa mwingine. Mzee akanipokonya kiti, akakibeba mwenyewe mpaka sebuleni.

Nikawasha ampli na lampe zilezile za Kirusi. Ilikuwa Jumatatu mchana na Kazungu yuko kazini kwelikweli. Nikaweka ule wimbo, nikautoa kwenye kujirudia.

Sauti ilikuwa mbaya, wakuu. Sitawadanganya. Nzito, inapanda na kushuka kila cheche inaporuka. Gitaa mbili zikakutana, mwimbaji akapanda akakabwa, na kidole changu kikaenda kwenye simu chenyewe kukata. Mzee akanitazama. Nikakirudisha kidole.

Kile kipande kikapita. Ukaja ubeti ambao sikuujua. Ukaja mwingine. Mimi niliyeusikiliza ule wimbo kuliko mtu yeyote wilaya yetu ya Rubavu nilikuwa naenda nao gizani. Halafu ngoma ikabadilika, waimbaji wakanyamaza, gitaa likaanza kukimbia peke yake, sebene ikaingia.

Mzee akanyoosha kidole kuelekea kwenye spika, vilevile kama ile siku ya kwanza.

"Hapa."

Nikangoja.

"Mwanzo wote mama yako alikuwa anakaa, anakunja nguo za wateja, kama hasikii. Sebene ikiingia anaamka. Kwanza anafunga mlango, majirani wa msikitini wasimwone. Halafu anacheza. Anacheza akiwa na pini za kushonea mdomoni." Akacheka, mabega yakamtikisika. "Pini mdomoni, na anacheza. Namwambia utameza, anatikisa kichwa, hawezi kujibu."

Sijawahi kumwona mama yangu akicheza. Katika maisha yangu yote sijawahi.

Nikamwambia, Mzee, hili hukuwahi kunisimulia.

Akasema, "Hatukuwahi kufika."

Wakuu, nililia. Sikulia kwa sauti. Niligeukia upande wa ampli nikajifanya natazama lampe, na Mzee akaniacha nizitazame. Sebene iliendelea muda mrefu, zile rumba mnazijua. Ilipoisha, akasema rudisha mwanzo.

Siku hiyo paka walikula sambaza nusu neti. Zaituna alirudi akakuta kiti hakipo uani, akaja ndani tayari kugomba, akatukuta. Alisimama na karai lake. Akakaa chini akavua kitambaa cha kichwa, akamwuliza Mzee mama alikuwa anacheza namna gani, aonyeshe. Mzee akaonyesha kwa mabega tu, amekaa. Habari za sambaza zilikuja kesho yake, na nilizisikia zote.

Basi, hiyo ndiyo habari. Nilichojifunza nakiweka hapa, mwenye kuokota aokote.

Kabla hujabadilisha lampe, pima umeme wako, na upime saa zile unazosikiliza. Stabilisateur, kile kifaa cha kusawazisha umeme, nimeshaweka, imesaidia kiasi, si sana. Nimezungumza na Kazungu, siku hizi baada ya Alasiri anakata na kupiga rangi kwanza, kuchomelea anarudia baadaye. Alinishangaa kwa nini sikumwambia mwaka mzima.

Kuhusu lampe zenyewe, kwa wale wa PM. Nimezipima tena umeme ukiwa sawa, mara moja tu, Mzee akiwa msikitini. Za Kirusi zina utulivu, za China zina ukali mdogo juu. Tofauti ipo na ni ndogo, mgeni ukimketisha sebuleni kwetu hataisikia. Za Mzee hatutajua kamwe, maana lampe hizi zinafanya kazi zikiwa pea, na imebaki moja. Hiyo moja iko juu ya kabati la spika, imefungwa kwenye kipande cha kanga ambacho Zaituna alikitoa sijui wapi.

Unayelinganisha na mtu mwingine amekaa chumba hicho, muulize kwanza kama alikuwa anasikiliza. Mimi sikumuuliza Mzee hata siku moja. Nilimuuliza ya kwanza au ya pili.

Naomba michango yenu, hasa wenye umeme wa mashaka kama wetu na wenye wazee ndani. Mwenye matusi kuhusu zile kapasita mbili pia karibu, nastahili. Maswali yote nitajibu, ila baada ya Alasiri msinisubiri. Simu inakuwa imechomekwa kwenye ampli, na hairuhusiwi kuguswa mpaka sebene iishe.